Narsisizimu na bodalaini: mwongozo kamili wa kuzitofautisha, na cha kufanya zikikutana nyumba moja

Siku hizi kila aliyeachwa anasema eksi wake ni narsisti (mtu wa kujikweza na kutaka sifa), na kila dada mwenye machozi ya karibu anaambiwa ana bodalaini (hofu kali ya kuachwa na hisia za kupanda na kushuka), mpaka yamegeuka matusi tu ya mtandaoni. Huu mwongozo ni wa mtu ambaye kwake hii siyo matusi, anaishi nayo ndani, labda ni mume, labda mke, mama mzazi, au ni wewe mwenyewe unayesoma hapa saa nane usiku na wiki nzima umembloki na kumfungulia mtu yuleyule. Mimi siyo daktari na hapa sikupi cheti cha ugonjwa wa mtu. Nitaenda hatua kwa hatua, ila zingine nitakaa sana na zingine nitapita mbio.

Msimamo wangu nausema mapema: ukiangalia vituko peke yake utachemka, maana vituko vinafanana mno, wote wanafoka, wote wananuna, wote leo wanakupenda kesho hawakutaki. Angalia kilichomchoma kabla hajafoka, na anachofanya akishatulia.

Hatua ya 1: Jua unaongelea nini

Yote mawili ni matatizo ya haiba, yaani siyo kitu kinachompata mtu Jumatatu kikaisha Ijumaa, ni namna alivyozoea kujiona, kuhisi na kuishi na watu tangu ujana, tena kazini, nyumbani na kwa marafiki. Madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi kwenye kitabu chao cha uchunguzi mwaka 1980, kila moja lina dalili 9 na zinatakiwa zionekane angalau 5. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mfumo ulioanza kutumika 2022, limeacha hayo majina mengi, linapima ukali tu, mdogo, wa kati au mkubwa, na bodalaini imebaki kama alama ya nyongeza. Kwa hiyo usishangae cheti kikiandikwa "tatizo la haiba, ukali wa kati" na neno narsisizimu halipo popote.

Bodalaini mzizi wake ni hofu ya kuachwa, hata kuachwa kwa kudhania tu. Juu ya hapo weka mahusiano ya kupanda na kushuka (leo wewe malaika, kesho shetani), kutojua hasa mimi ni nani, papara zinazomdhuru mwenyewe kama kumaliza mshahara siku moja au pombe, kujikata au kujaribu kujiua, hisia zinazogeuka ndani ya masaa, utupu usioisha, hasira nzito, na stresi ikizidi anaanza kuhisi watu wanamsema au anajiona kama hayupo mwilini mwake.

Narsisizimu inazunguka kwenye ukubwa na thamani. Anajiona wa aina yake, anaota mafanikio na madaraka, anataka sifa, anaona ana haki ya kupita mbele ya foleni, anatumia watu, hashughuliki na unavyojisikia, ana wivu au anaamini wewe ndiye unamwonea wivu, na ana kiburi. Wengi wanamjua yule wa mbwembwe tu. Yupo na wa chinichini, mpole kabisa, anaona dunia haijamtambua, ukimkosoa kidogo anaumia wiki mbili, na huyu ndiye anachanganywa sana na bodalaini.

Hatua ya 2: Chukua tukio moja ulichambue

Meseji imepata tiki za bluu saa moja jioni, jibu halijaja mpaka saa tano usiku. Tukio dogo tu.

Mwenye bodalaini saa moja na nusu keshapiga mara sita, saa mbili ana uhakika uko na mtu, saa tatu ametuma "sawa tu, mkae kwa amani", saa nne anaandika tena "samahani mpenzi, niambie tu kama uko salama", ukifika mlangoni anakukumbatia analia, na kesho yake asubuhi anajichukia mpaka hawezi kukuangalia usoni. Alichotaka ni uwepo wako.

Mwenye narsisizimu kilichomchoma ni kwamba umemweka benchi, siyo kwamba haupo. Hatapiga mara sita, kupiga mara sita ni kujishusha. Atajibu kesho kutwa kwa neno moja, au ataweka stetasi akiwa katikati ya watu wanaomshangilia, na hasira zikiisha hakuna samahani, kuna "unajua ulinikosea kiasi gani?" na mwisho unajikuta wewe ndiye unaomba radhi. Alichotaka ni heshima.

Kwa hiyo maswali ni matatu. Kabla: alijiona anaachwa au anashushwa? Wakati wa ugomvi: anataka urudi au anataka ukiri kwamba yeye ndiye mkubwa? Baada: anajichukia au anakulaumu wewe? Andika kwenye daftari, tarehe na maneno yenyewe yaliyosemwa, kwa miezi miwili mitatu, maana tukio moja halithibitishi kitu, hata mimi na wewe tuna siku zetu mbaya.

Na kwenye huruma usidanganyike. Mwenye bodalaini anasoma nyuso haraka lakini mara nyingi anasoma vibaya, uso wako umetulia tu yeye anaona umekasirika. Mwenye narsisizimu kwa akili anaelewa vizuri kabisa kwamba unaumia, kinachokosekana ni yeye kuguswa nayo.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza uwezekano wa mambo mengine

Fupi hii. Kama mtu anakaa siku saba na zaidi halali vizuri, anaongea kasi, ana mipango ya kununua meli, halafu wiki nyingine haamki kitandani, hiyo inaelekea bipola na ina dawa zake. Bodalaini inageuka kwa masaa na karibu kila mara kuna mtu au maneno yaliyoiamsha. Angalia pia pombe, msiba wa karibuni, kipigo cha zamani, na umri, kijana wa miaka 15 kujiona yeye ndiye katikati ya dunia ni ujana tu.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini hawa wawili wanavutana

Chukua wanandoa wa mfano, Baba Neema mwenye tabia za narsisizimu na Mama Neema mwenye bodalaini (jinsia inaweza kugeuka, usikariri). Mwanzoni wanafaana ajabu, Baba Neema anataka kusifiwa, na Mama Neema akipenda anapenda kwa kuabudu; Mama Neema anataka mtu imara asiyeyumba, na Baba Neema kwa kujiamini hajambo. Miezi ya kwanza ni raha tupu na ndugu wote wanasema hawa wameumbiwa.

Sasa Baba Neema ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wake. Kikao kiko kwenye ukumbi wa baa, watu kama ishirini, anasoma orodha ya michango. Mama Neema, tena kwa nia njema kabisa, anasema kwa sauti, "Baba Neema, ahadi ya mjomba siyo laki mbili, ni laki na nusu." Watu wakacheka kidogo, wakaendelea. Basi, ni hicho tu.

Lakini kwa Baba Neema, amevuliwa nguo mbele ya kamati. Pale hakusema kitu, hata alitabasamu, ila kwenye gari redio juu, nyumbani kalala chumba cha watoto, asubuhi salamu hakuna. Yeye ananuna ili aibu ipoe na ili mwenzake akome. Kwa Mama Neema kununiwa ndiyo kuachwa kwenyewe, mwili wake hauoni tofauti, kwa hiyo siku ya kwanza anaomba msamaha na kupika pilau, siku ya pili anamfuata mpaka ofisini, siku ya tatu hofu imegeuka hasira na anafoka mbele ya watoto, "Mwanaume gani wewe, hata kwenu wanajua huna lolote." Na hilo neno limetua palepale panapouma. Baba Neema anabeba begi anakwenda kulala kwa kaka yake, usiku huo Mama Neema anajidhuru, mume anarudi akiwa na hofu, sehemu kubwa ikiwa hofu ya watu watasemaje, wanalia pamoja, wiki mbili za asali, halafu wanaanza upya.

Ona mzunguko ulivyojifunga: ukimya wa mmoja unaamsha hofu ya mwenzake, kelele za mwenzake zinaamsha aibu ya huyu, na kila mmoja anaapa anajilinda tu. Watu wengi wanajaribu kuukata pale kwenye kelele, mimi naona hapo mmeshachelewa. Kata kwenye ukimya. Siku ya amani kubalianeni kwamba anayetaka kuondoka anaruhusiwa ila lazima aseme saa ya kurudi, "natoka, narudi saa mbili usiku tutaongea", na saa mbili awepo kweli. Yule mmoja anapata nafasi ya kupoa bila kudhalilika, huyu mwingine ana saa ya kushika. Na marekebisho ya michango yasemwe kwenye gari, siyo kikaoni.

Ila hapa nisieleweke vibaya. Mzunguko ni pale wote wawili mnaumia na wote mnaogopa. Kama mmoja anashika simu, anashika mshahara, anapiga, anachagua nani aje kukutembelea, huo siyo mzunguko wa hisia, ni ukatili, na mambo ya kwenda ushauri wa pamoja achana nayo, ruka mpaka hatua ya mwisho.

Hatua ya 5: Kubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2008 ulikuta karibu asilimia 39 ya wenye bodalaini walikuwa na narsisizimu pia. Tafiti nyingine zinatoa namba ndogo zaidi, lakini kukutana kwao siyo ajabu. Mtu wa namna hii akiwa juu anadharau kila mtu mpaka daktari wake, akiguswa na kuachwa anaporomoka hadi kutaka kufa, halafu akipata pa kuegemea anarudi kwenye dharau. Wa nyumbani wanachanganyikiwa, shangazi anasema anaigiza. Haigizi. Usimlazimishe daktari achague jina moja, mwambie sura zote mbili unazoziona nyumbani, maana kliniki huenda inaonekana moja tu.

Hatua ya 6: Kama bodalaini ni yako

Habari njema kwanza, na watu hawaambiwi. Mary Zanarini na wenzake huko Marekani walifuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, na ndani ya miaka 10 asilimia 93 walifikia kipindi cha angalau miaka miwili ambacho dalili zao hazikutosha tena kuitwa bodalaini. Maisha kamili ya kazi na mahusiano ndiyo yalichelewa, karibu nusu tu ndio walifika huko. Kwa hiyo kelele zinaisha kabla ya maisha kukaa sawa, usikate tamaa hapo katikati.

Tiba iliyopimwa zaidi ilitengenezwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, jaribio lake la kwanza lilichapishwa 1991, na mwaka 2011 alisimama hadharani akasema yeye mwenyewe akiwa binti alilazwa hospitali ya akili na alikuwa akijiunguza na kujikata. Tiba yake ni ujuzi unaofundishwa na kufanyiwa mazoezi. Nakupa mmoja wa kuanza nao leo.

Mawimbi yakipanda, kabla hujapiga simu ya saba, weka maji baridi kwenye beseni, barafu kama ipo, inama, ingiza uso mpaka chini ya macho, zuia pumzi kama sekunde 30, toka, pumua, rudia. Mwili una tabia ya kushusha mapigo ya moyo uso ukiingia maji baridi, na akili inafuata nyuma (mwenye ugonjwa wa moyo, au tatizo la kula lililomdhoofisha mwili, asifanye bila kuuliza daktari). Halafu pumua ukitoa pumzi taratibu kuliko unavyoingiza. Halafu ndiyo uandike meseji, kwenye noti za simu, siyo kwenye chati yake. Nusu ya hizo meseji asubuhi utazifuta mwenyewe.

Dawa? Hakuna iliyothibitishwa kuwa ya bodalaini yenyewe, mwongozo wa Uingereza wa 2009 unasema wazi dawa zisitumike kutibu hali hii moja kwa moja. Unaweza kupewa kwa sonona au usingizi, sawa, lakini ukijikuta na mfuko wa dawa tano na hakuna aliyekaa na wewe kuongea, uliza.

Hatua ya 7: Kama unaishi na narsisizimu, au ni yako

Kumwambia mtu "wewe ni narsisti, nimesoma" haijawahi kusaidia nyumba yoyote ninayoijua. Ongea mkiwa wawili, jambo moja, fupi, anza na kitu cha kweli anachokiweza, kisha ombi. "Kwenye ada za watoto hujawahi kuniangusha. Naomba ukikasirika uniambie kesho tutaongea, usinyamaze siku nne." Hapo nyamaza. Ukianza kujieleza, kutoa ushahidi wa 2019 na kumtaja mama yake, umempa mahali pa kushambulia na ombi lako limepotea. Akibadili mada rudia sentensi ileile, sauti ileile.

Kama unajisoma na unajiona ni wewe, hiyo siyo dalili ndogo, wengi wanakuja kutafuta msaada kwa mlango wa nyuma tu, ndoa imevunjika, kazi imeondoka, sonona imeingia. Kazi yako ni ile sekunde ya aibu. Pale mtu anapokurekebisha na kifua kikabana, jifunze kusema "hapo nimejisikia nimeshushwa" badala ya kumtafutia na yeye kosa. Inachoma. Tiba ya mazungumzo ya muda mrefu ipo, ila ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa bodalaini na wengi wanaacha njiani, mara nyingi siku mtaalamu anapowaambia kitu wasichopenda.

Wazazi, dokezo tu: watafiti Uholanzi mwaka 2015 walikuta watoto ambao wazazi wao waliwaona bora kuliko watoto wengine ndio walioongezeka narsisizimu, na waliopewa upendo wa kawaida wenye joto ndio waliojithamini vizuri. Mpende mwanao bila kumlinganisha na wa jirani.

Hatua ya 8: Kikao cha familia

Hiki hakimo kwenye vitabu vya Marekani na kwetu ndiyo mahakama ya kwanza. Kinachotokea mara nyingi: mwenye narsisizimu anakuja amepiga pasi, shikamoo kwa kila mzee, anaongea taratibu, "mimi nimevumilia tu wazee wangu". Mwenye bodalaini hajalala siku tatu, anakatiza, analia, anasimama. Dakika kumi tu wazee wameshajua nani tatizo, na anatumwa kwenye maombi au kwa mganga.

Kwa hiyo, kama bodalaini ni yako, jiandae. Usiende siku ileile ya ugomvi. Muombe mzee mmoja, mjomba au shangazi anayekujua ulivyo ukiwa umetulia, akae karibu yako. Andika kwenye karatasi mambo mawili tu unayotaka yabadilike, siyo historia ya ndoa, na ukianza kutetemeka soma karatasi: "Baba, naomba nisome nilichoandika." Wazee wanaheshimu karatasi. Na omba kikao kitoe ruhusa ya kwenda hospitali, maana baraka ya baba mkubwa inafungua milango ambayo hoja zako hazitafungua.

Hatua ya 9: Akisema anataka kufa

Mchukulie kweli, hata kama ni mara ya kumi. Kwenye bodalaini kujaribu kujiua ni kwingi na wapo wanaokufa kweli, na mwenye narsisizimu naye yuko hatarini hasa baada ya kuaibika, kufukuzwa kazi au kukamatwa, na huyu anaweza asikwambie kabisa. Muulize wazi "unafikiria kujiua?", kuuliza hakumpi wazo. Ondoa dawa, sumu za panya na za shambani, kamba na visu, usimwache peke yake, peleka hospitali yenye huduma ya dharura. Wengine wanaogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakinzana na Katiba. Na popote ulipo, hofu ya sheria isikucheleweshe, uhai kwanza.

Hatua ya 10: Kwa daktari

Hospitali za akili zinazojulikana ni Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, na Muhimbili Dar ina idara yake. Unaweza pia kuanzia hospitali ya mkoa au kaunti ukapewa rufaa. Nenda na lile daftari la hatua ya 2. Usiingie na jina la ugonjwa, ingia na matukio: nini kilitokea, ilidumu masaa mangapi, aliumia nani. Mahojiano ya haiba hayaishi siku moja, ukipewa jina kubwa dakika ya saba uliza linatokana na nini.

Hatua ya 11: Kama inabidi uondoke

Kama umepigwa, Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto vituo vya polisi, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na utibiwe, Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono vya kusaidia waliofanyiwa ukatili, Kenya fomu ya polisi ni P3. Kipindi cha kuondoka ndicho chenye hatari kubwa, kwa hiyo usitangaze kwa hasira usiku. Kama unayemwacha ana bodalaini, mwambie mchana, mtu wake wa karibu ajue na awepo, maneno yawe machache na usirudi rudi kila akilia, huko kurudi nusu nusu kunamuumiza zaidi. Kama ana narsisizimu, usimwache kwa maneno ya kumdhalilisha mbele za watu hata kama anastahili, mwachie heshima yake, wewe beba vyeti vya watoto, kadi ya kliniki, nakala za hati. Na namba za siri za benki na za pesa za simu badilisha kabla hujafungua mdomo.